Gofu Lenye Moshi

Mtu anayepanda mlima ambao hana shamba juu yake, hana ng'ombe aliyempotelea huko wala mgonjwa wa kumchumia dawa, kwetu tungemshika mkono taratibu tukamrudisha kwao. Mimi nililipwa kumpandisha. Kazi hiyo niliifanya katika kisiwa cha Nosy Be, miaka michache baada ya Madagaska kupata uhuru, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nina shati jeupe la hoteli, kofia ya hoteli na Kifaransa nilichofundishwa shuleni Mahajanga.

Mlima wenyewe unaitwa Passot. Wageni huambiwa ni mlima, lakini ukiutazama vizuri ni kilima chenye majivuno. Ukifika juu unayaona maziwa yamelala ndani ya matundu ya volkano zilizozimika zamani mno, hata mizimu wenyewe nadhani hawazikumbuki. Katika kila kikundi hakukosi mtu wa kuniuliza kama volkano hizo zitaamka. Siku za mwanzo nilijibu kwa ukweli kwamba haziamki, nikawa naona nyuso zinawashuka. Baadaye nikajifunza kuinamisha kichwa na kusema, "Haijulikani." Hapo walifurahi, wakashikana mikono, wakapigana picha. Watu wametoka kwao kuja kutafuta hofu, nami niwe mchoyo?

Maziwa hayo Wasakalava, wenyeji wa pwani ile, huyaheshimu. Hayaogewi, hayavuliwi samaki, na mtu huvua kofia akiyakaribia, kwa kuwa mamba waliomo ndani yake huhesabiwa kuwa ni wazee waliotangulia. Wageni wangu walikuwa na haja mbili: kuoga ziwani na kumwona mamba, tena kwa wakati mmoja. Nilipowaeleza mwiko walitikisa vichwa kwa adabu, kisha mmoja wao akasimama ukingoni akaanza kupiga makofi, vile alivyokuwa akimwita mhudumu wa hotelini alete barafu. Mamba hakuja. Sijawahi kumlaumu. Bwana yule alirudi hotelini akanung'unika kwamba ziwa letu halina kitu.

Kulikuwa pia na mti mkubwa mtakatifu, ambao hausogelewi mpaka uvue viatu na kujifunga lambahoany, ile kanga yetu ya Madagaska. Wanaume wenye miguu ya manyoya walijifunga kanga hizo kifuani kama maharusi, wakachekana mpaka machozi, mbele ya akina mama waliokuja kuomba wapate mtoto. Kulikuwa na komba weusi wa kulishwa ndizi, ambao walikuwa na tabia njema ya kuwakojolea watu mabegani. Na kulikuwa na mashamba ya langilangi, maua ya manjano yanayopikwa yakatoa mafuta ya manukato. Wachumaji ni wanawake, huingia shambani alfajiri na umande, hutoka migongo ikiwauma. Siku moja bwana mmoja aliniomba nimuulize mchumaji kama kwa harufu ile nzuri yeye hulala usingizi mtamu zaidi ya watu wengine. Nikamtafsiria. Mama yule alinitazama, akaniuliza kama bwana huyo ni mgonjwa. Nikamgeukia bwana nikamwambia ndiyo, mama anasema analala vizuri sana.

Ndivyo nilivyokuwa. Nawacheka wao, lakini aliyekuwa anasema uongo kwa lugha mbili ni mimi.

Mwenye hoteli alikuwa Mfaransa aliyekwisha kushindwa katika kahawa na katika pilipili manga, akaona sasa ajaribu watu. Aliuweka ukutani ubao wa ratiba: siku ya mlima, siku ya msitu, siku ya komba, siku ya langilangi. Mheshimiwa mmoja alikuja kutoka mji mkuu amevaa tai katika joto lile, akatuhutubia wafanyakazi kwamba kila mgeni ni dhahabu ya taifa changa, na kwamba kila raia awe dirisha la nchi yake. Tulipiga makofi. Mpishi aliyekuwa karibu yangu alininong'oneza kwamba dirisha kazi yake ni kufunguliwa na kufungwa na mtu mwingine.

Shida ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Ubao ulikuwa mtupu hapo. Wageni wakiachwa bila ratiba mpaka chakula cha mchana hulewa mapema, tena hupata nafasi ya kugundua kwamba vyumba vina mbu. Mwenye hoteli alitaka kitu cha kale. Wageni, alisema, hupenda kitu ambacho wenyewe wamekufa. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikasema, "Bwana, kuna Marodoka."

Marodoka uko upande wa mashariki wa kisiwa, si mbali na mji wa Hell-Ville. Jina lake maana yake ni maduka mengi, na kweli zamani yalikuwapo: Waarabu, Wahindi, Wangazija na wale mababu zetu wa damu mchanganyiko walijenga pale nyumba za mawe na chokaa, wakauza na kununua, mpaka biashara ikahamia bandari nyingine na watu wakaifuata. Yalibaki magofu, na mizizi ya mikuyu mikubwa imeyakumbatia kwa namna ambayo wageni huita ya kupendeza, na mwashi angeiita hasara. Zilibaki pia nyumba chache za miti za wavuvi. Na ilibaki nyumba moja ya mawe iliyokuwa nzima, ya ghorofa, ina madirisha ya tao na paa la bati. Humo alikaa bibi yangu, mama wa baba yangu. Humo nilizaliwa mimi.

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, bibi akanilea hadi umri wa shule, kisha akanipeleka Mahajanga kwa shangazi yangu aliyeolewa mtaa wa Ampisikina. Mahajanga nako kuna mambo ya kutazamwa, msidhani. Shule ilitupeleka kuona mapango ya Belobaka, tukaingia kwa mstari, tukatoka kwa mstari, na nilichojifunza pale ni kwamba shimo likishapewa maelezo kwa Kifaransa huwa si shimo tena. Wenzangu wa darasani walikuwa watoto wa mjini, na waliponiuliza kwetu ni wapi niliwaambia Hell-Ville. Nani angejisifu kwa mji uliokufa? Aibu ile niliibeba mpaka ukubwani, na ndiyo iliyoshika kalamu siku mwenye hoteli aliponiambia niandike karatasi ya maelezo ya kugawiwa wageni.

Niliandika kurasa mbili zenye kukunjwa. Nilitia masultani, watumwa, lulu na vita ambavyo sivijui. Mwisho nikaandika, nayakumbuka maneno kwa kuwa niliyasoma kila Jumamosi: "Wakazi wa mwisho waliuhama mji huu zamani. Leo popo peke yao ndio wenyeji." Mwenye hoteli alisema nina kipaji.

Bibi nilimwita dady, ndivyo wanavyoitwa mababu na mabibi upande ule wa Wasakalava. Tulizungumza Kimalagasi cha pwani, na yeye akikasirika alihamia Kingazija cha mama yake. Kiswahili, hiki ninachokiandikia sasa, nimekuja kukijua vizuri nilipohamia Unguja ukubwani; kwetu yalikuwa yamesalia maneno ya dini, ya mizani na ya chombo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyejua kusoma isipokuwa sura alizozihifadhi, na mwenye neno moja alilonilalamikia kila nilipomtembelea: babu yangu alizikwa nyuma ya nyumba ile, na Marodoka hapakubaki mtu wa kusimama kumsomea Fatiha. Wavuvi majirani walikuwa watu wema lakini si Waislamu. "Mume wangu amelala pale kama mtu aliyesahauliwa stendi," alikuwa akisema.

Mpango wangu ulikuwa kuwazungusha wageni kwenye gofu la msikiti na maghala ya Wahindi, mbali na nyumba yetu. Lakini mgeni hafuati mpango wa mtu. Jumamosi ya kwanza kabisa waliliona dirisha la tao, wakaliendea moja kwa moja, wakasimama kundi zima mbele ya nyumba ya bibi yangu. Sikuthubutu kuwaambia hapo panakaa mtu. Nikasema, "Someni ukurasa wa pili." Wakakunjua karatasi, kila mmoja akaishika kwa viganja viwili vilivyo wazi, wakainamisha vichwa, wakasoma kimya. Jua lilikuwa kali. Walipomaliza, walikunja karatasi wakajipangusa nyuso kwa viganja, kwa sababu ya jasho.

Kutoka dirishani juu nikasikia sauti ya bibi yangu: "Amin!"

Mwislamu yeyote ataelewa alichokiona. Watu wamesimama mbele ya nyumba ya marehemu, mikono imekunjuliwa, vichwa chini, midomo inachezacheza, kisha wanapangusa nyuso. Jioni ile nilipomwendea nilimkuta amevaa nguo yake ya Idi. Alinishika mabega. "Umemletea babu yako watu," akasema. "Wazungu! Mjukuu wangu, wallahi tangu tupate uhuru wamepata adabu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Nilijisemea kwamba furaha ya mzee haivunjwi, na maneno hayo yalikuwa mazuri sana, ila ukweli wake ni kwamba nisingeweza kumweleza kile walichokuwa wakikisoma bila kumweleza nilichokuwa nimekiandika.

Jumamosi iliyofuata nilikuta nyumba imefagiliwa mpaka njiani. Jamvi limetandikwa barazani, birika la kahawa linatoa mvuke, na sinia limejaa mikate ya mchele ya moto, ile inayopikwa kwa tui katika vijungu vidogo. Waliosoma hitima hulishwa. Ndivyo alivyolelewa, na hakuna mgeni wa hotelini ambaye angemtoa katika hilo. Wageni wangu walifika, wakasoma, wakajipangusa, na kabla sijawageuza bibi akatoka na sinia. Wapo waliokula, wakasema vizuri. Bwana mmoja mnene akala minne. Lakini mwanamke aliyekuja na kamera kubwa ya miguu mitatu alikasirika kwelikweli. Alikuwa ameahidiwa upweke. Moshi wa jikoni ulikuwa unapita mbele ya tao lake, na kwenye kamba kulikuwa na gauni la ndani la bibi yangu.

Mambo yakaenda hivyo Jumamosi tano au sita. Bibi alipika, wageni wakala, malalamiko yakaandikwa katika kitabu cha hoteli. Mwenye hoteli aliniita chumbani kwake, karatasi yangu iko mkononi.

"Hapa imeandikwa popo," akasema. "Popo wanapika mkate? Gofu gani lina mkate?"

Nikasema kuna ajuza mmoja. Sikusema wa nani.

"Ajuza hana jamaa wa kumchukua?"

Nikasema anao, Mahajanga.

Hapo akalegeza sauti. Aliniambia anafikiria kuweka mkuu wa matembezi yote, mtu mwenye meza yake, mshahara wake na gari la kuendesha mwenyewe. Mtu huyo ni lazima ajue kutatua mambo. Akaongeza kwamba lile bati linaharibu picha, linang'aa. Likitolewa kwa majuma machache wakati wapigapicha wa shirika la usafiri wakija, halafu likarudishwa, nani ataumia? Tena atalirudisha jipya.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimewasikia watu wengi wakieleza jinsi walivyolazimishwa. Mimi sikulazimishwa. Kijana yule aliyesimama pale na kofia mkononi alifikiria meza. Aliiona kabisa, ina droo.

Nikamwandikia shangazi yangu barua kwamba namleta bibi apumzike, na kwamba atafanya wema mkubwa akijifanya anaumwa kidogo. Bibi nikamwambia shangazi yu mgonjwa, anamtaka mama yake. Alifunga furushi siku ileile. Aliniuliza neno moja tu: watu wa Jumamosi watapokewa na nani? Nikamwambia nitawapokea mimi. Akanipa funguo, akanionyesha unga ulipo, akapanda meli ya pwani kwenda Mahajanga.

Mafundi wa hoteli waliliondoa paa asubuhi moja. Kitanda, majamvi na vyombo nilivihamishia kwa mama mmoja wa Kisakalava, jirani yetu, mke wa mvuvi. Alivipokea kimoja kimoja mpaka cha mwisho, ambacho kilikuwa kile kijungu cha mikate.

"Umemwambia?" akaniuliza.

"Nitamwambia."

"Wewe unajua kusema sana," akasema, "kwa hao wa hotelini."

Mwenye hoteli alikuja kutazama. Alizunguka nyumba, akaona jua linavyoingia mpaka sakafu ya chini, akapiga kofi la furaha. "Sasa linasema," akaniambia. Nilicheka naye. Mabati aliyachukua yasiibiwe, alivyosema. Juma la pili niliyaona hotelini yameezekwa juu ya banda la kuku. Nilijiambia kuku hawali bati, yatarudi. Meli ilikuwa bado juma zima kufika; nilikuwa nimepiga hesabu kwamba siku mbili kabla yake nitalirudisha paa, vyombo vitarudi mahali pake, na bibi atashuka akute mambo kama alivyoyaacha. Kisha ikanyesha mvua kubwa, siku tatu mfululizo, na sakafu ya juu ya udongo na boriti ikaangukia chini. Wapigapicha walisema imependeza zaidi.

Shangazi yangu ana kipaji cha mambo mengi lakini si cha kuumwa. Nilikuja kusimuliwa baadaye. Alijifunga kitambaa kichwani, akajilaza siku moja na nusu, akaamka kugombana na muuza samaki mlangoni kwa sauti iliyosikika mtaa mzima wa Ampisikina. Bibi alikaa kwa adabu majuma mawili, akatembezwa ufukweni jioni, akaonyeshwa mji, akasema ni mzuri, una watu wengi wasio na la kufanya. Halafu akasema mwanangu umepona, na kwangu kuna watu wananingoja Jumamosi. Hakuingoja meli. Alipata lori la mfanyabiashara mmoja, jamaa wa mume wa shangazi, akapanda juu ya magunia, akapita Belobaka, akaenda siku kwa siku kwenye barabara ile inayovunja watu mifupa, mpaka Antsahampano. Pale akavuka kwa jahazi la mizigo pamoja na mbuzi. Mwanamke wa umri ule. Alitaka kuiwahi Jumamosi.

Aliiwahi.

Nilikuwa nimesimama juu ya kizingiti, nyuma yangu vifusi na anga. Wageni walikuwa wanane, wengi kuliko siku zote, kwa kuwa picha zilizobandikwa hotelini zilikuwa zimeanza kufanya kazi yake. Walikwisha kukunjua karatasi. Nilikuwa nawaambia jinsi wakazi wa mwisho walivyoondoka, na nilikuwa nimeongeza, kwa kutia chumvi, kwamba hakuna ajuaye walikokwenda. Nikaona mtu amesimama mwisho wa kundi. Lambahoany yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la barabara, furushi kichwani, macho hayanitazami mimi. Yalikuwa yanatazama juu, mahali lilipokuwa paa.

Wageni wakageuka kutazama ninachokitazama. Mama mmoja mwenye kofia pana, mtu wa huruma, nakiri alikuwa wa huruma, akaniuliza kwa Kifaransa yule bibi kizee ni nani.

Sentensi ilikuwa fupi. Hata mtoto wa darasa la kwanza huijua kwa Kifaransa: huyu ni bibi yangu. Kwa miaka nimejaribu kujidanganya kwamba sikuipata haraka. Niliipata. Nikaitazama, nikaitazama na ile meza yenye droo, na nikamwona mwenye hoteli, ambaye alikuwa amekuja siku hiyo kwa bahati yangu mbaya, ameegemea gari.

"Ni mwanamke wa huku tu, mama," nikasema. "Hupitapita hapa."

Nikaendelea na masultani. Nilimaliza ukurasa wote, sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo ninalojichukia nalo zaidi. Wageni walipoanza kurudi garini yule mama mwenye kofia alibaki nyuma kidogo, akamwendea bibi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ambayo bibi hakuyaelewa, akaenda zake.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nimejitayarishia maneno kuhusu mvua. Nilikuwa tayari kusema fundi, kusema bati jipya, kusema ni kwa muda. Hakuniuliza kuhusu paa. Alitua furushi chini, akanisalimu kama mtu anavyosalimiwa, akaniuliza hali, nikamjibu njema, nikambusu mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameukunja.

"Yule mama alikuuliza nini walipogeuka kunitazama?"

"Aliuliza wewe ni nani, dady."

"Ukamwambia nini?"

Gari lilikuwa limewashwa. Nilisikia mwenye hoteli anacheka na mtu.

"Nikamwambia wewe ni bibi yangu," nikasema. "Nikamwambia na nyumba ni yako."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayenikubalia. Kisha akaufungua mkono wa kushoto. Ndani yake mlikuwa na sarafu.

"Basi mbona amenipa sadaka?"

Alinichukua mkono, akaniwekea sarafu ile kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja, hivyo alivyokuwa akinikunja nikiwa mdogo nisidondoshe pesa ya dukani.

"Chukua wewe," akasema. "Sadaka hupewa asiye na kwao."

Dereva akapiga honi, nikaenda.